Mimba ya Sponji

“Hili ni sponji langu.”

“Nipe.”

“Nakuuliza, hili si sponji langu?”

“Nipe bwana, Afisa yuko njiani.”

“Mkono wa kochi la mwalimu. Nimeutafuta karakana nzima, nikahamisha mpaka mashine. Nikamkatia mwalimu wa watu mkono mwingine. Kumbe wenyewe uko hapa nyumbani, mjamzito.”

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, sikia haraka haraka, maana hawa wawili hawatusubiri. Fundi, yule mtengeneza makochi, amerudi nyumbani mchana kuchukua shati safi. Akasukuma mlango wa chumbani. Akamkuta mkewe, Msusi, mbele ya kioo, gauni limepandishwa mpaka kifuani, na tumboni amejifunga kipande kinene cha sponji kwa kitambaa cha saluni. Hapo ndipo tulipowaacha, mmoja ameganda mlangoni, mwingine hana pa kujificha.

Sasa kuganda kumekwisha. Sasa ni kelele.

“Siku zote hukuiona siku ya kuvaa huu uchafu, ukaiona leo? Leo Afisa wa Ustawi anakuja kutukagua mara ya mwisho?”

“Nilikuwa navua, sivai. Nimetoka saluni sasa hivi.”

“Kwa hiyo saluni una mimba, nyumbani huna.”

 Likisemwa kwa mdomo, jambo lenyewe lilikuwa la kijinga kweli. Kichwani mwake lilikuwa limekaa vizuri tu.

Fundi akakaa kitandani, sponji mapajani kama kapewa mtoto ashike. “Ndiyo maana watu wananipongeza. Muuza mbao kanishika mkono, hongera sana, mzee, kazi umeifanya. Nikajua anasifu moyo wangu. Nikamwambia hata wewe unaweza, nenda tu ofisi ya Ustawi watakusaidia. Akanitazama vibaya.”

Siku nyingine Msusi angecheka mpaka akae chini.

“Na mama yangu? Jumapili alikuwekea mkono tumboni akakuombea. Nilikuwepo. Nikaitikia amina. Niliona umejaa kidogo, nikasema mke wangu kanenepa, nikanyamaza kwa adabu. Kumbe mama yangu mzazi kaombea mkono wa kochi.”

“Mama yako ndiye aliyeanza.”

“Usimwingize mama.”

“Ndiye aliyeanza. Siku Ustawi walipotukubalia kulea mtoto tulikubaliana mimi ndiye nimwambie, si ndiyo? Nikapiga simu. Nikamwambia, mama, tunatarajia mtoto. Nikavuta pumzi niendelee, kwamba tunamchukua pale kituo cha watoto, kwamba wewe na mimi tumekubaliana. Pumzi haijarudi, simu imeshahamia kwa jirani.”

“Ungempigia tena.”

“Nilipiga. Akapokea jirani, analia kwa furaha.”

“Ungekwenda kwake kwa miguu.”

“Nilikwenda. Wakaniwekea kiti chenye mto mgongoni. Wakanikataza kuinama.” Sauti ya Msusi ilianza kuteleza. “Miaka yote niliyokaa kwenye ile familia, nani amewahi kuniwekea mto? Nikasema nitawaambia kesho. Kesho ikaja na mto mwingine.”

Fundi alitazama ile kona ya chumba. Kitanda cha mtoto kilikuwa pale, alichokipiga randa mwenyewe, pembeni akakizungushia kitambaa laini na kukishona kwa mkono ili mtoto asijigonge. Mtoto mwenyewe bado hajakilalia. Yuko kituoni, meno mawili chini, na jina la utani ambalo Fundi ndiye aliyempa: Kifungo. Mara ya kwanza walipompakata alikamata kifungo cha shati la Fundi na kukataa kukiachia, mpaka mlezi akaenda kutafuta mkasi.

Huyo ndiye wanayempigania leo. Afisa akiridhika, Kifungo anakuja. Asiporidhika, kuna mke na mume wengine wanasubiri nyuma yao.

“Tulimwambia Afisa nini?” Fundi aliuliza. “Alipotuuliza huyu mtoto atajua au hatajua?”

“Atajua.”

“Tulisema tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Tulisema wote wawili, umekaa hapa, nimekaa hapa. Mimi nilikuwa nasema kweli. Wewe ulikuwa umevaa nini?”

Hilo lilimchoma. Msusi akageuka.

“Wewe unashinda na misumari. Misumari haina mdomo. Mimi nashinda na vichwa vya wanawake mikononi, na kila kichwa kina mdomo wake. Unajua wanavyomsema mtoto wa jirani yetu, yule aliyelelewa? Akivunja kikombe, ile damu ya watu. Akifaulu mtihani, bahati tu. Akiugua, hawakuulizia ukoo. Nasuka nasikia. Nasuka nasikia. Nikasema Kifungo hawamsemi. Wakimsema, watamsema kama mtoto wa tumbo langu.”

“Tumbo lako lipi? Hili?” Akalinyanyua sponji, lenye alama zake za chaki bado. “Siku akija kuniuliza, baba, mimi nilitoka wapi, nimwonyeshe kochi?”

“Usinifanyie mzaha.”

“Sifanyi mzaha. Sitalea mtoto kwa uongo. Mtu akikua kwenye uongo, siku ukivunjika anaanguka nao.”

“Basi leo tumalize na Afisa. Jioni naenda kwa mama, namwambia yote. Naapa. Ila mchana huu mama asije hapa, nakuomba.”

“Haji. Asubuhi alinipigia anataka kupita, nikamwambia leo asije, tunapokea mgeni.”

Msusi alikuwa anashusha gauni. Mikono ikasimama.

“Umemwambiaje?”

“Asije, tunapokea mgeni. Kwani Afisa si mgeni?”

“Ulitaja Afisa?”

“Nilisema mgeni. Nilikuwa na misumari mdomoni, ningetaja maneno mangapi?”

“Mume wangu.” Msusi aliongea polepole kama anamfundisha mtoto. “Mama yako anajua nina tumbo limefika hapa. Mwanawe anapokea simu asubuhi anamwambia, leo tunapokea mgeni. Mgeni gani, mume wangu? Mgeni gani anakuja kwenye nyumba yenye tumbo?”

Fundi alifungua mdomo. Kilichojibu ni honi.

Honi ndefu ya teksi, chini ya dirisha lao. Mlango wa gari ukafunguka. Halafu sauti ambayo mtaa mzima unaijua: “Jamani tupisheni, mkwe wangu uchungu umemshika. Dereva, usizime gari.”

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Fundi aingie walikuwa upande mmoja, na haikudumu, maana wote wawili walilitazama sponji.

“Usilivae,” alisema Fundi.

“Majirani wote wako nje.”

“Usilivae, nakwambia. Atoke tu, aone, yaishe.”

“Mbele ya mtaa? Na Afisa anaingia saa yoyote?”

Akalivuta. Fundi akalivuta. Kwa muda kidogo watu wazima wawili, wenye cheti cha ndoa ukutani, waligombania mkono wa kochi. Msusi ana vidole vya kusuka; vidole hivyo havishindwi. Akalipata, akalisukumia chini ya gauni, akafunga fundo la haraka kwa nyuma bila kuona, akatoka.

Sebuleni Mama Mkwe alishafika, beseni jipya kwapani, shuka mbili begani, chupa ya chai mkononi. Na alikuwa na jambo moja la ajabu ambalo Msusi aliliona ila hakuwa na nafasi ya kulifikiria: alikuwa anamhurumia mkwewe kwa sauti kubwa huku uso wake umeelekea barabarani.

“Pole mwanangu, pole. Tunaenda sasa hivi. Pole kabisa.”

“Mama, siyo...”

“Usiongee, utajichosha.”

Nyuma yake, kizingitini, mwanamke mwenye mkoba mkubwa wa ngozi alikuwa anavua viatu. Ametulia, kama mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu zikiwa zinawaka moto.

Afisa.

Mama Mkwe hakumjua. Aliona mwanamke, aliona mkoba, akajijibu. “Dada, leo hakuna kusuka. Njoo wiki ijayo. Mkwe wangu ana uchungu.”

“Uchungu wa nini, mama?”

“Uchungu wa nini? Wewe unajua uchungu mwingine upi? Wa kuzaa.”

Afisa alimtazama Msusi usoni, kisha tumboni. Tumbo lilikuwa limekaa upande wa kushoto, juu kidogo, karibu na mbavu. Fundi alitokea chumbani, shati safi limefungwa vifungo kombo, akasimama nyuma ya mkewe.  

“Nakaa,” alisema Afisa, akakaa. Mkoba hakuufungua. Akauweka miguuni, fomu zao zikiwa ndani.

“Mwezi uliopita,” alisema Afisa, “ulimbeba yule mtoto kiunoni kutoka bustanini mpaka getini. Nilikuwa natembea pembeni yako. Mimba sikuiona.”

“Mtoto yupi?” Mama Mkwe aliuliza.



“Kwa hiyo kuna mambo mawili,” Afisa aliendelea, bila kupandisha sauti hata kidogo. “Kama una mimba, umenificha mimi. Utaratibu wetu ni kusimamisha kila kitu, na yule mtoto anakwenda kwa wanaofuata. Kama huna mimba, umewaficha hawa. Niambie ni lipi, mama. Nitaandika hilo utakalosema.”

Nje dereva akapiga honi. Mama Mkwe akasogea karibu na mkwewe, akamfinya mkono. Alifinya mara mbili, kwa nguvu, na macho yake yakasema: shikilia hapo hapo.

Msusi aliwaza mambo mengi kwa mpigo mmoja. Kile kiti chenye mto. Wateja wa saluni. Dirisha, na nyuso zilizojaa nje ya dirisha. Halafu akakumbuka harufu ya kichwa cha Kifungo, ile ya maziwa na jasho, mahali nywele zinapojiviringa nyuma ya sikio. Alishapanga zikikua atazisuka mtindo gani.

Akaingiza mkono chini ya gauni. Fundo likagoma. Akalivuta, kitambaa kikachanika, sponji likatoka. Akaliweka juu ya meza, mbele ya Afisa, mbele ya mama wa mumewe.

“Sina mimba,” alisema. “Sijawahi kuwa nayo. Namtaka yule mtoto.”

Sasa hapa, msomaji, wewe ungetegemea nini? Mama mtu mzima amemwombea tumbo Jumapili, leo amekodi teksi, amebeba beseni, anaona tumbo linawekwa mezani kama mkate. Ungetegemea azimie. Angalau chupa ya chai ianguke.

Mama Mkwe aligeuka akavuta pazia.

“Angalau ungefunga dirisha kwanza,” alisema. “Watu wote wale.”

 Afisa alikuwa wa kwanza kuelewa.

“Mama, ulikuwa unajua?”

“Mwanangu, mimi si mtoto. Mwanzoni alinidanganya, nilifurahi nikatangaza. Jumapili nikaweka mkono. Tumbo halina pembe.” Akavuta kiti akakaa, beseni mapajani. Ile sauti yake ya kusikiwa barabarani ilikuwa imekwisha, sasa aliongea kawaida, na kawaida yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. “Nikasema kimoyomoyo, huyu kuna mahali anapata mtoto, na anaona aibu. Asubuhi mwanangu ananiambia mgeni leo. Nikajua leo ndiyo mtoto anafika. Lazima mtaa umwone anaondoka na tumbo, arudi na mtoto. Asipoondoka nalo atarudije? Ndiyo nikakodi teksi.”

 Msusi alikuwa amemwogopa huyu mama miezi yote hii. Akamshika bega, akataka kumwita mama, machozi yakatangulia.

Hata Afisa alilegea kidogo. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye zipu ya mkoba. Msusi aliuona ule mkono. Aliuona vizuri.

“Sikubaliani na mlichofanya,” alisema Afisa. “Lakini umesema mbele yangu na mbele ya mkweo, na haikuwa rahisi. Jirani anajua nini, hilo si langu. Langu ni mtoto kuambiwa ukweli na wazazi wake, wote wawili, wakiwa pamoja. Mkinihakikishia hilo upya, hapa, leo, naweza kuendelea.”

Zipu ikafunguka nusu.

Laiti Mama Mkwe angemeza mate hapo. Lakini moyo wake ulikuwa umefunguka, na mtu moyo ukifunguka mdomo haubaki nyuma. Alilichukua sponji mezani, akaligeuza geuza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kazi mbaya.

“Na hata kufunga hukujua, mwanangu. Umefunga juu, ndiyo maana likapanda mbavuni. Lilitakiwa likae chini ya kitovu. Mimi langu nilifunga chini, na nililala nalo, mpaka baba mkwe wangu akafa akiamini.”

Honi ya teksi. 

Msusi alihisi mumewe nyuma yake amesogea.

“Lako lipi, mama?” Fundi aliuliza.

Mama Mkwe akaliweka sponji chini taratibu, kama anaweza kulirudisha neno nalo.

“Baba, tutaongea nyumbani.”

“Nina mdogo? Nina mkubwa?”

“Baba.”

“Umezaa mtu mwingine zaidi yangu? Nijibu tu. Nani aliyekuwa kwenye hilo tumbo ulilolala nalo?”

“Mwanangu, wewe ni mwanangu. Muulize yeyote mtaani.”

“Mtaani wanajua ulichowaonyesha.”

Mama alilikumbatia beseni. Bati likalia kidogo. “Baba yako alijua. Wawili tu. Tulisema ukikua tutakwambia. Ukaanza shule, tukasema amalize. Ukaanza kazi, tukasema aoe. Ukaoa.” Akamtazama Msusi kama anayeomba asaidiwe. “Baba, mimi nilijua leo nitamsaidia mkeo. Sikuja kwa ajili ya hili.”

“Aliyenizaa amekufa?”

Mama Mkwe alilitazama beseni.

“Mama. Amekufa?”

“Yupo.”

“Yuko wapi?”

“Usinilazimishe mbele ya mgeni.”

“Yuko wapi?”

Mama Mkwe aliinua macho yake, mekundu, akamtazama mwanawe aliyemlea. “Unamsalimia kila asubuhi,” alisema. “Ukipita kwenda karakana.”

Msusi aliipita ile barabara kichwani, nyumba kwa nyumba, mwanamke kwa mwanamke, na alijua mumewe anafanya hivyo hivyo. Uso wake ulikuwa umekauka. Kinywa chake kilikuwa kinahesabu bila sauti.

Fundi akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

“Fundi,” aliita Afisa. Mkono ulikuwa umeganda kwenye zipu. “Nimekuelewa. Lakini nimekuja kuona baba na mama. Ukitoka sasa nitaandika nilichokiona, na siwezi kurudi tena kabla ya kikao cha kuamua mtoto anakwenda wapi. Kaa. Hata kama hutasema neno, kaa.”

“Mume wangu,” alisema Msusi. Alimshika shati kwa nyuma. “Kifungo. Kwa ajili ya Kifungo, kaa hapa nikushike mkono, halafu nitakwenda na wewe nyumba kwa nyumba. Naomba.”

Alisimama. Kwa muda alisimama kweli, na Msusi alihisi mgongo wake unapanda na kushuka chini ya kitambaa. Kupitia mlango wa chumbani kile kitanda kidogo kilionekana chote, na Fundi alikitazama.

“Nitamhakikishia vipi kwamba mtoto atajua?” alisema, wala hakuwa anamwambia mtu. “Mimi mwenyewe sijui.”

Akaitoa mikono ya mkewe kwenye shati, kidole kimoja kimoja, bila kumuumiza. Pale kizingitini akaingiza miguu kwenye kandambili zilizokuwa karibu, moja yake, moja ya mkewe, wala hakuona. Akatoka, akaufunga mlango.